Nilitafuta Joka, Nikauziwa Joka la Mdimu

Huku kwetu kusini ukizaliwa kaka wa mtu, umezaliwa na deni. Wamakonde, Wamakua na Wayao wote tunahesabu ukoo kwa mama, kwa hiyo mtoto akifaulu, akifeli, akitaka kuoa au akipigana bwenini, anayeitwa ni mjomba. Baba mtu yupo, anakunywa chai, anasema, "Hilo kamwone mjomba wako." Na ujomba una msimu wake. Unaanza Oktoba minada ya korosho ikifunguliwa, unashika kasi Desemba shule zikifungwa, halafu unaisha Januari pamoja na fedha, nami narudi kuwa binadamu wa kawaida mpaka mikorosho itoe maua tena.

Safari hii nilikuwa nimejipanga. Viatu vya shule nilikwisha kuvipigia hesabu, na madaftari, na sabuni, na ile ndoo ya bweni ambayo kila muhula huibwa na mtu asiyejulikana. Mpwa wangu, yuko kidato cha tatu, akashuka kwenye bodaboda, akaniamkia vizuri, akakaa mkekani, akasema, "Mjomba, viatu hivi bado vizima. Mimi nataka vitabu vya majoka na vyombo vya angani."

Kumbe kuna binamu yake mwenye simu, na ndani ya simu kuna kitabu cha Kiingereza chenye majoka, wafalme na majina ambayo yakitamkwa vizuri yanahitaji maji ya kusukutulia. Amesoma juzuu ya kwanza. Joka lilikuwa ndiyo linaanza kuchoma mji, mwenye simu akaitaka simu yake. Nikamwambia nitamtafutia cha Kiswahili.

"Kiswahili hakina mambo hayo, mjomba. Vitabu vya Kiswahili vina ukimwi, rushwa na mila potofu."

Nilitaka kukasirika nikakosa pa kuanzia. Orodha yao ya fasihi naijua kwa sababu nimeilipia. Watoto wa Mama N'tilie: umaskini, watoto wako mtaani. Takadini: mtoto mwenye ualbino na watu wanaotaka asiishi. Kilio Chetu: ukimwi. Ngoswe: karani wa sensa anaacha kuhesabu watu, anahangaika na binti wa mwenyeji wake, mwisho karatasi za serikali zinachomwa moto. Ni vitabu vizuri, sibishi. Lakini ukivisoma vyote mfululizo ukiwa na umri wa miaka kumi na sita, unatoka hapo unatafuta pa kupimia presha.

Nikapanda gari kwenda Masasi mjini. Duka la vitabu huku kwetu ni duka la madaftari lililojipa cheo. Lina kaunta buku, rimu za karatasi, gundi, ramani ya Tanzania, Biblia, juzuu za madrasa, na mitihani iliyopita pamoja na majibu yake. Kijana wa dukani alikuwa na adabu, tatizo lake aliamini kwamba kitabu bila kidato hakiwezekani.

"Nataka kitabu cha hadithi."

"Kidato cha ngapi, mzee?"

"Cha kusoma tu."

"Sawa, cha kusoma kidato cha ngapi?"

"Si cha mtihani, mwanangu. Nataka chenye joka."

Uso ukamchangamka. "Joka lipo!" Akapanda kiti, akashuka na Joka la Mdimu.

Sasa Joka la Mdimu cha Abdallah Safari ni riwaya ya maisha magumu ya mjini, kuna watu wanaohangaika na watu wanaokula rushwa. Joka la kuruka na kutema moto halimo. Nilimweleza kijana, akanitazama kwa huruma. "Mzee, imeandikwa joka." Nikalipa. Ningefanyaje, na nyuma yangu kuna mtu anasubiri kutoa kopi ya kitambulisho?

Njiani nikawa nawaza jinsi majina ya vitabu vyetu yanavyotuponza. Unafungua Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960, umejikunyata unasubiri mzimu utoke. Anatoka Bwana Msa na kiko chake, anapeleleza nani kamuua nani, na mzimu wenyewe kazi yake ni kuwa mahali palipokutwa maiti. Halafu kitabu chenye nchi nzima inayoning'inia hewani kinaitwa Kusadikika, jina la semina ya madiwani. Chenye watu waliogeuzwa manyani na jini kinaitwa Adili na Nduguze; mtu akisikia hivyo anadhani ni kesi ya mirathi. Kama Shaaban Robert angekuwa na kijana wa dukani wa kumshauri majina, watoto wa Masasi wangekuwa wanapigania vitabu vyake mlangoni.

Tena hata kitabu chenye maajabu kikiingia shuleni hakitoki salama. Kufikirika, kwa mfano, kimesomeshwa kidato cha tano na sita. Humo mfalme hana mtoto, waganga wa kila namna wanaitwa mmoja baada ya mwingine, mpaka inafika hatua ya kutaja kafara ya watu. Kijana wa jirani alinionyesha daftari lake. Mfalme: anawakilisha viongozi. Waganga: wanawakilisha wataalamu wasiofaa. Wananchi: wanawakilisha wananchi. Katika kitabu kizima hakuna mtu hata mmoja anayejiwakilisha mwenyewe. Chini ya mandhari kaandika maneno mawili, "ya kufikirika", akapiga mstari kwa rula. Nchi ya ajabu namna ile, mtoto hakupewa hata dakika tano za kuizurura. Aliulizwa tu mwandishi amefaulu kwa kiasi gani kuisawiri jamii ya leo, atoe hoja tatu kwa kila riwaya, na akizidisha nne asahihishiwe tatu za kwanza.

Nyumbani nikakuta kizuizi kingine. Dada yangu, mama wa mtoto, ameshasikia.

"Majini kwangu hayaingii, hata kwa njia ya karatasi."

Huyu ndiye dada ambaye jua likizama hapiti kwenye shamba la mzee mmoja wa kitongoji cha pili, kwa kuwa mzee huyo inasemekana ana ndondocha wanaompalilia mikorosho usiku. Dada anajua ndondocha hao wanalala wapi. Anajua wanakula pumba. Anajua kwamba mwaka wa ubwiri unga, sisi wengine tukiwa tumepuliza salfa mpaka pumzi zikatukata, shamba la mzee halikuugua kwa sababu wafanyakazi wake hawalali. Nikamwambia, dada, hiyo ndiyo hadithi ya kubuni yenyewe, tena nzuri, kaa chini uiandike. Akaniambia ndondocha si hadithi, ni taarifa.

Na mimi nadhani hapo ndipo tulipokwama. Huku kwetu kwenye uwanda wa Makonde maajabu tumejaliwa hata ya kuuza, lakini tunayaweka kwenye fungu la habari za kijiji, ya kunong'onezana na kuogopana. Tukitaka hadithi tunaagiza nje. Wachongaji wetu wanachonga mashetani tangu miaka ya 1950, tangu Samaki Likankoa alipoanza mtindo huo kule Dar es Salaam: jicho mahali pa sikio, mdomo tumboni, mguu unaota begani. Mtalii analipa dola, anafungiwa shetani wake kwenye magazeti, anakwenda kumweka sebuleni Ulaya. Mtoto wa Newala anapita mbele ya kibanda hicho hicho akilalamika kwamba kwao hakuna njozi.

Basi nikafungua kasha langu la vitabu. Nilianza na paka.

Masasi, kama tunavyoambiwa kila mwaka kanisani, misheni yake ilianza mwaka 1876, Edward Steere alipokuja na watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja. Safari ilikuwa ya kuelekea Ziwa Nyasa, ikakomea kwenye ile milima yetu ya mawe. Jambo ambalo hatuambiwi kanisani ni kwamba miaka sita kabla, mwaka 1870, Steere huyo huyo alichapisha London kitabu cha ngano za Kiswahili alizokusanya Unguja, na ndani yake kuna nunda mla watu. Sultani ana paka. Paka anakula mifugo. Watu wanakuja kushitaki, sultani anajibu kwamba paka ni wake na mali iliyoliwa ni yake, kesi imekwisha. Paka ananenepa. Anahama, anakaa njiani, anakula kila kinachopita, na sultani bado anamtetea, mpaka siku paka anapowala watoto wa sultani mwenyewe. Ndipo baba mtu anagundua kwamba huyo hakuwa paka. Mtoto wa mwisho anaondoka kumsaka. Anaua mnyama, anamburura hadi nyumbani, mama yake anamwambia siye; anarudi porini, analeta mkubwa zaidi, siye; mpaka msikilizaji anaanza kuogopa ukubwa wa huyo ambaye bado hajapatikana.

Mpwa wangu alisikiliza mdomo wazi. Mimi niliyewahi kukaa kwenye mikutano ya mapato na matumizi nilikuwa namfahamu yule paka kwa sura.

"Hiki kinauzwa wapi?"

Hapo nikakohoa. Mwenye kitabu ameanzisha misheni, misheni imezaa mji, mji una maduka, na madukani kuna gundi.

Akaniuliza kama kuna hadithi ya roboti. Nikamwambia ipo, tena imetokea hapa hapa, nikamsimulia ile aliyoiandika Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906 akauliza watu maswali mpaka wakamchoka. Mtu mmoja alikuwa anaishi porini peke yake, haogi, hanyoi. Akachonga mti ukawa umbo la mtu, akausimamisha karibu na makazi yake. Usiku ule mti ukawa mwanamke mzima, wakaoana. Mtoto wa kwanza akazaliwa huko chini Ruvuma, akafa. Wakavuka nyanda za juu hadi bonde la Mbwemkuru, wa pili akafa. Wakapanda mpaka huku juu uwandani, upande wa Mahuta, wa tatu akaishi, na huyo ndiye Mmakonde. Tangu hapo watu wakakatazwa kujenga bondeni.

"Mjomba, huyo mwanamke alikuwa anatumia betri gani?"

"Hakuna betri."

"Basi hiyo ni bora kuliko ya sinema."

Mama yangu, ambaye alikuwa anapeta mchele pembeni akijifanya hasikii, akaguna kwamba huyo babu wa kwanza alikuwa mwanaume kweli kweli: kaamua nyumba ikae juu, halafu maji akateke nani? Maana uwanda huu mvua ikinyesha inazama mchangani moja kwa moja, mito hakuna. Kabla ya mradi wa maji wa Makonde wa miaka ya 1950, wanawake waliteremka mabonde usiku na mitungi, wakapanda tena jua likiwa kali, na akijikwaa mtu hapo katikati, familia nzima inalala na kiu.

Ndiyo maana nikakitoa na Dune, cha Mmarekani Frank Herbert, cha mwaka 1965, kitabu kinene kama tofali la kuchoma. Kiingereza chake kizito kwa kidato cha tatu, kwa hiyo nikawa nasoma na kuwaeleza. Sayari nzima ni mchanga. Watu wanavaa mavazi yanayokamata jasho walinywe tena. Mtu akikutemea mate mbele yako amekuheshimu, amekupa maji yake.

"Na kisima chao kiko umbali gani?" mama akauliza.

Nikamwambia wana maji mengi wameyaficha mapangoni.

"Hao wana nafuu," akasema, akaendelea kupeta.

Akawa mgumu zaidi kwa Pumzi, filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, ambayo binamu mwenye simu alikubali kutuonyesha kwa sharti la kununuliwa bando. Vita vya maji vimepita, watu wanaishi wamefungiwa ndani, mkojo unasafishwa unanywewa, na dada mmoja anatoroka na mche kwenda kuupanda jangwani, akiumwagilia kwa jasho lake. Sisi wengine tulikuwa tumekaribia kulia. Mama akasema huyo binti hajafundishwa kilimo, mche hupandwa mvua zikianza. Hajachimba hata shimo la maana.

"Mjomba, na wewe unasomaga hizi za kisayansi?"

Kila msimu, nikamwambia, nikamwonyesha karatasi yangu ya malipo ya korosho. Kilo zimetoka nyumbani zikiwa na uzito fulani, zimesafiri gizani hadi ghalani, zimefika zimepungua bila kuguswa na mkono wa binadamu. Kisha kuna makato ambayo ukiuliza maana yake unapewa herufi za kwanza tu. Huyo Herbert hajafika huku.

Kwa kuwa yeye anataka vyombo vya angani, nikamtajia Walenisi cha Katama Mkangi, Mkenya, mhadhiri wa sosholojia aliyewahi kuwekwa kizuizini miaka ya 1980. Kilitoka mwaka 1995. Jamaa anaitwa Dzombo, anahukumiwa kufa, na hukumu yenyewe ni kufungiwa kwenye chombo kinachorushwa angani asirudi. Badala ya kufa anajifunza kukiendesha, anatua kwenye dunia nyingine ambako watu wanaishi kwa kutendeana haki, naye anashangaa mno kuliko angekuta wenye pembe. Mpwa wangu akaruka. Kwa Kiswahili? Kwa Kiswahili, mwanangu, ila kimechapwa Nairobi, na kutoka Nairobi mpaka Masasi kitabu kinachukua muda mrefu kuliko Dzombo.

Nagona na Mzingile vya Kezilahabi nilimwambia aviache kwanza. Humo mtu anatembea, wakati unajikunja, dunia imekwisha au haijaanza, na mwandishi hana haraka ya kukwambia ni lipi. Nilivisoma kipindi fulani cha kiangazi nikawa nasahau ninakokwenda. Asubiri amalize mitihani, apate na mtu wa kumfungia mlango kwa nje.

Kusadikika nilikiweka cha mwisho kwa sababu nilitaka tukisomee kule kwenye Shimo la Mungu, pembezoni mwa Newala, ambako ardhi inakatika ghafla. Ukienda asubuhi mapema, ukungu umejaa bonde lote la Ruvuma, Msumbiji iko chini ya blanketi huko ng'ambo, na kijiji ulichokiacha nyuma yako unaweza kuapa kwamba kinaelea. Ukiwa pale huhitaji mwalimu wa kukueleza mandhari. Nilimwambia aache kalamu nyumbani. Alikuwa na kalamu mfukoni, nikamnyang'anya.

Karama ameshitakiwa. Kosa lake ni kutaka kuwafundisha watu sheria. Mshitaki ni waziri, Majivuno, na hapo jina halijadanganya. Karama anajitetea kwa kuhadithia habari za wajumbe ambao nchi iliwatuma: mmoja mashariki, mmoja kaskazini, mmoja magharibi, mmoja kusini, mmoja mbinguni, mmoja ardhini. Kila mmoja anapita kwenye mataabu, anarudi na jambo la kuifaa nchi, na shukrani yake ni kifungo. Mpwa wangu alimpenda wa mbinguni, mimi nilikuwa naona uchungu kwa aliyetumwa kusini, kwa sababu za kikabila. Kitabu kilitoka mwaka 1951, Mwingereza akiwa bado anatawala, na aliyekiandika alikuwa karani wa serikali hiyo hiyo. Nchi yenyewe iko hewani, haipo kwenye ramani ya bwana yeyote wa wilaya. Nani angeanza kushitaki mawingu?

"Kumbe Karama ni wakili?" akauliza.

Nikamwambia asome aone, na asiniulize dhamira maana sina.

Likizo imekwisha, amerudi bweni Masasi na Kusadikika. Joka la Mdimu amelichukua pia, anasema atalisoma kwa sababu mjomba amelilipia. Tayari umekuja ujumbe kwa simu ya matroni, wenzake wanauliza kama yule paka anapatikana, na mimi nimemjibu kwamba waanze kumwandika wenyewe, na ndondocha wawaweke, ila shamba wasilitaje.

Adili na Nduguze hakupewa. Alikuwa amekwisha kukitia kwenye begi, mama yake akakitoa akasema lazima akikague kwanza, kama kweli kina majini. Kina majini. Yupo Huria, binti wa mfalme wa majini, ndiye aliyewageuza ndugu wawili manyani kwa hila walizomfanyia ndugu yao, na Adili ameamriwa awachape viboko kila usiku, anawachapa analia. Juma lililopita nilikwenda kukidai. Dada alikuwa jikoni, kitabu kimefunikwa na kanga juu ya gunia la mihogo, ubua umewekwa katikati kuashiria kurasa. Akaniambia ukaguzi haujaisha. Akasema pia Huria hana tatizo, tatizo ni wale ndugu, tena manyani anawaonea huruma lakini wamejitakia. Nikitaka kitu cha kusoma usiku nisome katiba ya chama cha msingi, na kama kwenye kasha langu kuna kingine chenye manyani, nisimpe mtoto kabla hajakipitia yeye.